Magongo ya fundi wa Ngamiani: tumeyatumia miezi minne

Nataka kuzungumzia magongo ya mbao, yale ya kutembelea mtu aliyeumia mguu. Najua wengi mnaona gongo ni gongo tu, unalikuta duka la dawa, unalipa, unaondoka. Sisi wakwezi wa minazi wa Kigombe, kijiji cha pwani, tuliona hivyo hivyo, tukanunua, na wiki ya pili tukawa tunajuta. Kwa hiyo kama una mgonjwa wa mguu, uwe Tanga mjini, Muheza, Pangani au popote penye mchanga wa pwani, soma kwanza kabla hujatoa pesa yako.

Mgonjwa wetu ni somo yangu. Jina letu moja, tumekwea pamoja tangu vijana, na ndiye aliyenifundisha kutikisa kuti kabla ya kulishika. Februari, kaskazi inavuma, alikuwa juu ya mnazi wa kama mita 20 anaangua nazi. Kuti alilolishika lilikuwa bichi kwa macho, kumbe shinani limeshaliwa na wadudu. Likachomoka zima. Tumezoea kusema fulani kakalia kuti kavu, lakini siku ile kuti lilikuwa la kijani kabisa. Hakuja chini moja kwa moja. Aliukumbatia mti, akaserereka nao, vidato, zile ngazi zilizochongwa kwenye shina, vikamkwaruza kifua na kumpunguza kasi, kisha mikono ikashindwa. Akatua kwa mguu wa kulia. Kisigino kikapasuka.

Hospitali walimfunga hogo, yaani plasta ngumu, hadi chini ya goti. Daktari akaagiza na mgongo upigwe picha, maana anayetua kwa kisigino mara nyingi uti wa mgongo nao huumia. Mgongo ulikuwa salama, alhamdulillahi. Agizo likawa mguu ule usikanyage chini wiki 8.

Sasa mkwezi hana mshahara. Asipokwea leo, jioni jikoni hakuna kitu. Tulikaa chini ya mwembe watu 11, tukakubaliana jambo moja: kila siku ya kazi, ujira wa mnazi wa mwisho ambao kila mtu amekwea ni wa somo. Tukauita mnazi wa mgonjwa. Pesa zilipokelewa na mzee wetu aliyekwisha kuacha kukwea. Alizifunga kwenye pindo la kikoi chake, na magharibi zikawa mkononi mwa shemeji. Kuna kijana mmoja, mdogo kuliko sote, akawa kila siku anauacha makusudi mnazi mrefu uwe wa mwisho, kwa sababu mrefu una ujira zaidi. Mzee alipogundua alimfokea mbele ya watu. Mnazi mrefu ukwewe asubuhi, mwili una nguvu, alisema, hatutaki wagonjwa wawili. Yule kijana alilia. Mimi nampenda sana kijana yule.

Katika pesa hizo ndimo tulimotoa 60,000 za magongo ya kwanza. Yalikuwa ya bati jepesi, yanang'aa, yana vitufe vya kurefusha na kufupisha. Muuzaji alituuliza tu mgonjwa ni mrefu au mfupi. Somo ni mrefu, basi tukavuta hadi tundu la mwisho. Kwapani yakamfika, lakini vishikio vikabaki juu mno, viwiko vimekunjika kama mtu anayebeba debe. Akawa hawezi kujiegemeza kwa viganja, akajilaza na makwapa. Hiyo ndiyo hatari ambayo hatukuambiwa. Kwapani mnapita mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi, na ukiining'iniza miili yetu hii juu ya gongo kutwa nzima, mishipa inabanwa. Siku ya 9 somo alinionyesha vidole vyake. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa na ganzi, na kikombe cha chai kilimponyoka.

Niliogopa kuliko siku aliyoanguka. Mkwezi anaishi kwa mikono. Mguu umeshaumia, na sisi kwa pesa ya mnazi wa mgonjwa tunamharibu na mkono!

La pili ni mchanga. Kigombe ua mzima ni mchanga, mlaini, mweupe. Ncha ya gongo lile ilikuwa na mpira mdogo kama kizibo, ikizama mpaka lote linasimama upande. Kulichomoa ni kujivuta bega. Choo kipo nje, hatua kama 30 kutoka barazani. Mwanamume mzima akawa anabebwa na watu wawili kwenda chooni, asubuhi na usiku, na akaanza kuacha kunywa maji ili asiende. Shemeji ndiye aliyeniambia hilo la maji, kwa sauti ya chini, amegeukia ukuta.

Ndipo mwenye bajaji mmoja akanitajia fundi seremala wa Ngamiani, Tanga mjini, mzee anayetengeneza vitanda na viti na, mtu akimwomba, magongo. Karakana yake ni ndogo, imejaa maranda hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilikwenda peke yangu mara ya kwanza, nimebeba fito niliyoikata urefu kutoka chini hadi kwapani kwa somo. Nikampa shikamoo, nikampa fito. Akaishika, akaiangalia, akanirudishia.

"Fito si mtu. Niletee mtu."

Nilikasirika, nakiri, maana kutoka Kigombe na mgonjwa si kazi ndogo. Tukamleta Jumatatu kwa bajaji, mguu umewekwa juu ya gunia la makumbi. Nitaeleza alichofanya fundi, kwa sababu hapo ndipo pesa yetu ilipokwenda. Alimsimamisha somo mgongo ukutani, watu wawili wamemshika, mguu mzima umevaa ndala zile zile anazovaa nyumbani. Ndala, sio kiatu cha safari, alisisitiza hilo. Akamwambia ateremshe mabega na kuiacha mikono ininginie. Akaweka ubao kando yake, akachora alama ya kwanza vidole vitatu chini ya kwapa, ya pili usawa wa kifundo cha mkono, pale penye mfupa unaochomoza. Akapima na upande wa pili, akaukuta umetofautiana kwa upana wa kidole, kwa hiyo gongo la kulia na la kushoto hayakulingana. Halafu akauliza swali ambalo duka la dawa hawakuliuliza.

"Nyumbani unakanyaga nini, mwanangu?"

"Mchanga, mzee."

"Mchanga wa shamba au wa pwani?"

"Wa pwani."

Akaandika ubaoni kwa penseli: pwani.

Magongo yenyewe ni ya mtiki, vipande vilivyobaki kwenye mbao zinazotoka Longuza huko Muheza. Nilimuuliza kwa nini si mbao ya mnazi, nikadhani somo angefurahi. Akasema mnazi ni mgumu kwa nje na laini kwa ndani, ukiuchonga mwembamba unatoa nyuzi zinazochoma mikono. Kwetu sisi hilo halikuhitaji ushahidi. Kila gongo ni mihimili miwili inayokutana chini, kishikio kimeviringwa kwa randa na kupigwa msasa hadi kinateleza mkononi kama yai, kimefungwa kwa boliti inayohamishika matundu matatu. Chini kabisa kuna kipande cha tairi la gari, sehemu ile yenye meno, kimegongewa juu ya tabaka la mpira wa ndani wa baiskeli ili kisigonge kwa kishindo kwenye saruji.

Na kwa ajili ya mchanga akatengeneza visahani. Ni mviringo wa mvule, upana wa sahani ya kikombe cha chai, una tundu katikati. Ncha ya gongo inaingia, unapitisha kijiti, kinakaa. Ukiingia ndani ya nyumba unachomoa kijiti, kisahani kinabaki mlangoni pamoja na ndala. Rahisi hivyo. Magongo mawili 45,000, visahani 8,000.

Asubuhi ya kwanza nilikuwepo, kwa sababu nililala pale. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Nikasikia mbao zinagusa sakafu ya baraza, taratibu, kisha kimya, kisha sauti nyingine ya kitu kinachokanyaga mchanga bila kuzama, pu, pu. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni amejifunga kanga, mkono mdomoni. Hakumfuata. Somo alikwenda mpaka chooni peke yake, akarudi peke yake, akaketi, akaomba maji ya kunywa, akamaliza kata nzima.

Sasa kasoro, maana zipo na nisipozisema nitakuwa nawadanganya. Fundi alituahidi siku 3, yakachukua siku 9, na nilipopiga simu alisema kila mara kesho. Kwa mtu anayebebwa kwenda chooni, siku 6 za ziada ni nyingi mno, na nilimwambia hivyo mwenyewe. Mto wa kwapani ameujaza usumba na kuuvika turubai. Kiangazi ulikuwa sawa, ila masika ilipoanza uliloa, haukukauka, ukaanza kunuka. Tulimrudishia, akatoa usumba na kuweka sponji la godoro, hakutudai kitu. Ningekuwa mimi ningeomba sponji tangu mwanzo. Mtiki pia ni mzito kuliko lile bati, na magongo hayakunjiki, kwenye bajaji yanatokeza nje.

Kubwa kuliko yote ni boliti. Kutembea kunazilegeza, na fundi hakutuonya. Jioni moja mwezi wa Machi kishikio cha kushoto kilizunguka mkononi mwa somo akiwa katikati ya ua, akapona kwa sababu mwanawe alikuwa karibu na kumdaka kiunoni. Tangu siku hiyo kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini mtu mmoja anapita na spana. Ukinunua, nunua na spana.

Ganzi ya vidole iliondoka kidogo kidogo, ikachukua kama wiki 4. Hogo lilipotolewa Aprili, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema sasa mguu uanze kukanyaga kwa kilo 10 tu, uongezwe pole pole. Kilo 10 mtu atazijuaje? Mnunuzi wa mbata akatuazima mizani yake ya chini. Tukaweka ubao wa kimo kile kile pembeni, mguu mzima juu ya ubao, mguu mgonjwa juu ya mizani, magongo pande zote mbili, na wakwezi tumezunguka tunasoma mshale kwa sauti. "Nane! Tisa! Kumi, hapo hapo! Kumi na mbili, punguza somo, punguza!" Akarudia mpaka akawa anaweza kufumba macho na kupatia. Alisema ni kama kupima kidato usichokijua: unakibonyeza kwanza, kikikujibu vizuri ndipo unakipa mwili. Mazoezi yale yalitaka magongo yasiyochezacheza, na kwa hilo mbao ile sina cha kuilaumu. Kwenye ngazi za hospitali nako alikumbuka alichofundishwa: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mguu mgonjwa.

Nampa fundi nyota nne kati ya tano. Ya tano ameipoteza kwa zile siku 9 na kwa boliti. Yale ya bati tumeyaweka kwa mzee wetu. Mtu mfupi kuliko somo, anayeishi kwenye saruji, huenda yakamfaa, aje ayachukue bure. Ukienda Ngamiani nenda na mgonjwa mwenyewe, amevaa anachovaa nyumbani, na umweleze fundi choo kiko wapi.

Mnazi wa mgonjwa bado unaendelea, ingawa somo amesema mara mbili tuache. Siku hizi anakuja shambani, anakaa kivulini anatutajia lipi dafu, lipi koroma, lipi nazi, na mara nyingi yeye aliye chini anapatia kuliko kijana aliye juu. Habari ya kukwea tena hajaisema, nasi hatujamuuliza. Anatembelea gongo moja, la kushoto, upande wa mguu mzima, kama alivyoelekezwa. Tairi la ncha yake limelika mpaka meno hayaonekani. Jumamosi nalipeleka kwa fundi abadilishe, 2,000, na nitamchukulia kole moja la madafu.