Dola mbili na nusu kwa makala: miaka minne yangu na kampuni ya maudhui

Makala yangu ya kwanza kwa kampuni ya mtandaoni inayouzia tovuti makala ilihusu namna ya kuondoa theluji mlangoni ili gari litoke gereji. Mimi nimezaliwa Busia, upande wa Uganda, na theluji pekee ninayoijua ni ile inayoganda kwenye friji la soda dukani. Niliandika maneno 500, nikalala saa nane usiku, asubuhi nikakuta mteja ameikubali na kuipa nyota nne. Malipo: dola 2 na senti 50.

Hiyo ilikuwa Julai 2020. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi sababu ya korona, na sisi walimu wa shule binafsi mshahara ulikatika mwezi uleule. Shule hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Mwenzangu wa hesabu alianza kukaanga chapati, wa sayansi akashika boda boda (hapa Busia ndipo neno lenyewe lilipozaliwa, usimsikilize mtu wa Kampala). Mimi nilikuwa na kompyuta ya mkononi ya mtumba, herufi Q imeng'oka, na Kiingereza cha kufundishia. Shemeji yangu ndiye aliyeniambia kuna Wazungu wananunua maneno.

Kampuni yenyewe siitaji, na sababu utaiona mbele. Inavyofanya kazi ni hivi. Mwenye tovuti, tuseme daktari wa meno wa Florida au fundi wa mapaa wa Texas, anaagiza makala. Kampuni inatundika kazi kwenye ubao, mwandishi aliye macho anaidaka, na saa inaanza kuhesabu. Mimi nilipewa saa nne kwa maneno 500. Ukimaliza, inapitishwa Copyscape kuona kama umenakili mahali, kisha mteja ana siku tatu: akubali, airudishe irekebishwe, au aikatae. Ikikataliwa, hulipwi kitu.

Kilichonitesa zaidi ni yale maneno ambayo watu huyaandika Google wakitafuta kitu. Mteja anataka yatokee mara tatu, vilevile alivyoyaandika, bila kuongeza hata kiunganishi. Jaribu kuingiza "fundi paa bei nafuu Houston" katika sentensi ya mtu mwenye akili timamu, mara tatu. Miaka tisa nilikuwa nawachapia wanafunzi kalamu nyekundu kwa makosa madogo kuliko hayo.

Tangu siku ya kwanza nilikuwa na daftari la kurasa 96, nikiandika kila kazi, saa nilizotumia na bando niliyonunua. Watu wanaojisifu kwamba wanapata pesa mtandaoni wangekuwa na daftari hilo, wengi wangenyamaza. Mwezi wa kwanza niliandika makala 41, zikakubaliwa 36, nikapata dola 90. Saa nilizokaa kwenye kiti ni 118. Gawanya mwenyewe: senti 76 kwa saa, kama shilingi 2,800 za hapa, kabla ya bando. Rolex moja (chapati iliyoviringishwa na mayai, si saa) na kikombe cha chai. Mwaka wa pili kampuni iliponipandisha daraja la waandishi nami nikazoea mada, nilifika dola 3 kwa saa, na sikuwahi kuzidisha hapo kwa wiki mbili mfululizo.

Halafu kuna suala la pesa kufika mkononi. Kampuni ililipa kwa PayPal tu, na akaunti ya PayPal ya Uganda wakati ule ilikuruhusu kulipa watu, si kupokea. Kenya, ng'ambo ya uzio, PayPal inaingia M-Pesa tangu 2018. Basi nikamwendea mama mdogo anayeuza vitenge Busia ya Kenya, nikamwomba binti yake afungue akaunti. Dola inaingia kwake, anaivuta M-Pesa kwa kiwango kibovu kuliko cha benki, anaitoa kwa wakala, wakala anakata chake, kisha shilingi za Kenya zinakwenda kwa wale wabadilishaji wanaokaa na mabunda mapajani. Dola 90 zile zilipaswa kuwa shilingi kama 330,000. Zilizonifikia ni 298,000, na bado hapo sijamnunulia binti wa watu soda. Mpaka ulikuwa umefungwa kwa abiria sababu ya korona, malori tu yakipita, kwa hiyo pesa ilivuka kwa njia za panya, na zaidi ya hapo sisemi.

Usiige. Kupokelea pesa kwenye akaunti ya mtu mwingine ni kinyume cha masharti yao, na siku akaunti ikifungwa huna pa kulia. Baadaye nilifungua akaunti ya Payoneer, huduma nyingine ya kupokea pesa, kwa jina langu na kitambulisho changu cha taifa, pesa ikawa inaingia benki moja kwa moja. Lakini kampuni ile haikuitumia. Ni kwa wateja nilioanza kuwapata Upwork, soko la mtandaoni la vibarua. Huko nako wanakata: walikuwa wanachukua asilimia 20 ya dola 500 za kwanza kwa kila mteja, wakabadili Mei 2023 ikawa asilimia 10 kwa wote mpaka 2025. Fiverr, soko jingine la aina hiyo, wanachukua 20 bila mjadala.

Gharama za nyumbani zinajulikana. Tulilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili tuingie mitandao ya kijamii, tukashangilia ilipofutwa Julai 2021, kumbe serikali imehamishia kodi ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Na Januari ya mwaka huohuo, siku ya mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Nilikuwa na kazi nne mkononi, za mfumo wa kupasha nyumba joto huko Ohio. Nilichukua laini ya Safaricom ya binamu yangu, nikaenda kukaa nyuma ya ghala karibu na mpaka ambako mtandao wa Kenya unashika, kompyuta magotini, nikazituma zote. Mteja mmoja aliirudisha yake: ameona nimetumia neno moja mara mbili badala ya tatu.

Mpaka hapo bado ningekwambia jaribu. Nilijifunza kuandika haraka, kutafiti kitu nisichokijua kabisa kwa nusu saa, na kusoma maagizo ya mteja mpaka mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu hawajalimudu hadi leo.

Mambo yaliharibika baada ya ChatGPT, programu inayoandika yenyewe, kutolewa Novemba 2022. Katikati ya 2023 ubao uliokuwa na kazi mia ulikuwa na kumi, na hizo kumi zikaja na sharti jipya: kila makala inapimwa na programu ya kugundua maandishi ya mashine. Makala yangu kuhusu kusafisha masikio ya mbwa ikapimwa, ikasemwa asilimia 87 ni mashine. Imekataliwa. Niliiandika kwa mkono kwanza, kwenye daftari, kwa sababu umeme ulikatika siku hiyo. Nilipiga picha kurasa zile, pamoja na alama ya kikombe cha chai, nikawatumia. Nikawatumia pia utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka huo, waliopima programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya mama, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaitwa kazi ya mashine. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, waliiondoa programu yao ya kugundua Julai 2023 kwa kukosa usahihi. Jibu la kampuni lilikuja baada ya dakika mbili, limepangika vizuri, likinishukuru kwa uvumilivu wangu. Naapa lile ndilo lililoandikwa na mashine.

Daraja langu likashushwa. Wiki tatu baadaye niliikuta makala ileile ya masikio ya mbwa kwenye tovuti ya mteja, neno kwa neno, chini ya picha ya mama mmoja wa Kizungu anayetabasamu. Ndiyo sababu sitaji jina: sina mwanasheria.

Machi 2024 Google wakabadilisha namna ya kupanga matokeo, tovuti nyingi zilizokuwa zinaishi kwa makala kama zangu zikazama, na ubao ukabaki na kazi mbili tatu kwa wiki. Niliacha Agosti.

Kwa hiyo nawapa nyota mbili. Ya kwanza ni kwa sababu 2020 walininunulia posho (ugali) wakati mwajiri wangu hakuweza. Ya pili ni kwa mhariri mmoja wa kule, ambaye alinirudishia makala ikiwa na maelezo ya kweli, mstari kwa mstari, bila kulipwa zaidi. Ukiwa mwanafunzi, una kompyuta na umeme wa nyumbani, miezi mitatu inatosha kujifunza. Ukizidi hapo, uwe unatafuta mteja wako mwenyewe. Mimi ninao wawili sasa, mmoja wa sola, anayelipa dola 40 kwa makala na kusoma ninachoandika. Ukiombwa ada ya kujiunga, ondoka. Ukiuziwa akaunti iliyopanda daraja tayari, ondoka mbio. Na ile kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, ambayo inalipa kuliko hizi zote, nimeikataa mara nne. Nimerudi darasani, nitamtazamaje mtoto ninayemwambia asinakili?

Daftari bado ninalo. Ukurasa wa mwisho unasema nina dola 17 na senti 40 kwenye akaunti ya kampuni ile. Kiwango cha chini cha kutoa ni dola 20.