Unga wa homoni ya mizizi: unafanya kazi, ila usiuzidishe

Nimeutumia huu unga, wa kupaka kwenye vijiti vilivyokatwa ili vitoe mizizi, miezi minne sasa kwenye kitalu changu hapa Morogoro, kwenye waridi, rozimeri na bogenvilia, na kiukweli unafanya kazi. Ila mara ya kwanza nusura niutupe jalalani.

Ule wa kwanza nilinunua duka moja la pembejeo mjini, jamaa akanichotea kwenye kopo lililokuwa wazi dirishani, juani kabisa, akanifungia kwenye karatasi, nikamuuliza nguvu yake ngapi akasema wee paka tu, hiyo ni dawa ya mizizi. Nikapaka mpaka vijiti vya rozimeri vikawa vyeupe kama vimetoka kwenye chokaa. Wiki ya tatu nachomoa kimoja, kitako kimevimba, kina vinundu vinundu, mizizi imechomoza kama punje ya mchele ikaishia hapo hapo, vingine vyeusi vinanuka. Vile ambavyo sikuvipaka kitu angalau vilikuwa na kijizizi kimoja kimoja kirefu! Iliniuma sana.

Nilikuja kuelewa baadaye. Huu unga una IBA, kemikali ndugu wa oksini, ile homoni ambayo mmea unaitengeneza wenyewe kule juu kwenye ncha na majani machanga halafu inashuka. Ukikata tawi inajikusanya pale kwenye jeraha, inazisukuma seli zigawanyike zijenge mzizi mpya. Sasa jamani kuanzisha mzizi na kuurefusha ni kazi mbili tofauti, kuanzisha kunataka oksini nyingi, kurefusha kunataka kidogo mno, ikizidi seli za mzizi zinaacha kurefuka na mmea unatoa gesi ya ethilini nayo inazidi kuzibana. Ndo maana hata mzizi unajua kwenda chini: ukiulaza, oksini inajaa upande wa chini wa ncha, seli za huko zinapunguza mwendo, za juu zinaendelea kurefuka, unapinda. Nilijaribu na mharage kwenye pamba yenye maji, nikaulaza jioni, kesho yake ncha imeshageuka. Inapendeza mno kuiona.

Kopo la pili nikachukua lenye mfuniko haujafunguliwa, limeandikwa asilimia 0.3, yaani gramu 3 za IBA kwenye kilo. Hiyo ni ya matawi yaliyokomaa nusu, laini kabisa inatosha 0.1, magumu yanataka 0.8. Safari hii nikachovya sentimita moja tu, nikakung'uta, nikatoboa udongo kwanza kwa kijiti ili unga usibanduke. Kati ya vijiti 30 vya rozimeri vilishika 24, kila kimoja kina mizizi saba nane, myeupe kama uzi wa kushonea, mirefu kama kidole. Waridi nazo safi. Bogenvilia ndo zilinigomea, zile ngumu kwa 0.3 usihangaike.

Kasoro: kopo halijaandikwa namna ya kutunza, na huu unga joto na mwanga unauharibu. Wangu nauweka kwenye friji, nachota kidogo kwenye kisahani, kinachobaki sirudishi.

Na mnaosema maji ya dafu yanatosha, yale yana sitokinini, homoni nyingine ya mimea, hiyo inasukuma zaidi machipukizi kuliko mizizi, utafurahia majani mawili halafu kijiti kinakauka.

Wenye hili kopo nawapa nyota nne. Wakileta la 0.8 hapa mjini narudi kesho yake.