Mafuta ya kuzuia kutu, kauri na nta: uzoefu wangu wa kulikinga gari dhidi ya chumvi ya barabarani mjini Ottawa

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kupuliziwa mafuta ya kuzuia kutu chini ya gari na ndani ya matundu ya bodi, ambayo gereji nyingi za mkoa wa Ontario nchini Kanada huitoa kila mwaka kabla theluji haijaanza kuanguka. Nimeitumia kwa misimu kadhaa ya baridi kwenye Toyota RAV4 ya familia inayolala nje mwaka mzima, na katika kipindi hichohicho nimejaribu nta, silanti ya rangi (dawa inayofunika rangi kama nta) na tabaka la kauri (kimiminika kinachokauka na kuwa kigumu juu ya rangi) upande wa juu wa bodi. Msimamo wangu ni kwamba mtu mwenye fedha za kufanya jambo moja tu azipeleke chini ya gari, ingawa sehemu anayoiona jirani ni ile ya juu.

Ottawa hupata zaidi ya mita mbili za theluji kwa mwaka, na kuanzia Novemba hadi Aprili barabara zake humwagiwa chumvi mara kwa mara. Katika miji mingi ya ukanda huu maji ya chumvi hunyunyizwa hata kabla ya dhoruba kufika, yakiwa na ukali wa takriban asilimia 23, kwa sababu katika kiwango hicho hayagandi mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Hata hivyo, chumvi ya kawaida hupoteza nguvu ya kuyeyusha barafu mapema zaidi ya hapo, baridi ikishapita nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, na ndiyo maana wakati wa baridi kali huongezewa kloridi ya kalsiamu au ya magnesi. Kemikali hizi mbili huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma kilichopakwa nazo hubaki na ubichi hata siku ambayo barabara inaonekana kavu kabisa. Aliyekulia Tanga au Mombasa anajua upepo wa bahari unavyokula mageti na mabati. Hapa chumvi haiji na upepo, bali matairi huirusha ikiwa imekwisha kuyeyuka na kuisukuma ndani ya kila pengo lililo nyuma ya madigadi.

Rangi ya kiwandani, kwa upande wake, ni kinga nzuri kuliko watu wanavyodhani. Tabaka la kwanza huwekwa kwa kuzamisha bodi nzima katika dimbwi la rangi lenye mkondo wa umeme, kisha huja praima (rangi ya msingi), rangi yenyewe na klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, na vyote kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, unaokaribiana na ule wa karatasi. Maadamu tabaka hilo halijapasuka, chumvi haina njia ya kukifikia chuma, na ndiyo sababu ubavu wa mlango ni mara chache uwe wa kwanza kuoza. Kutu huanzia pale ambapo kokoto imedonoa boneti, kwenye maungio ya mabati yaliyokunjwa chini ya milango, ndani ya vizingiti vya milango ambamo tope hukusanyika, kwenye mabomba ya breki, kwenye mikanda inayoshikilia tanki la mafuta na kwenye fremu ndogo inayobeba injini. Karibu sehemu zote hizo hazionekani mpaka gari linyanyuliwe.

Gereji ya kwanza niliyoiendea, ambayo sitaitaja, ilitaka kunipaka chini ya gari ile dawa nyeusi nzito inayofanana na lami, na fundi wao alisisitiza kwamba ningeipaka mara moja na kusahau. Niliikataa, na sababu zangu bado ni zilezile. Tabaka gumu la namna hiyo hupendeza likiwa jipya, lakini chuma kinapotanuka na kusinyaa kwa mabadiliko ya joto na kokoto zinapolipiga, hupata nyufa nyembamba zinazopitisha maji ya chumvi, na maji hayo yakishaingia hubaki yamefungiwa kati ya dawa na chuma. Kutu basi huendelea kwa siri huku chini ya gari kukionekana kweusi na kuzuri. Isitoshe, fundi asiye makini huyaziba nayo matundu madogo ya kutolea maji yaliyo chini ya milango na vizingiti, na mlango usiotoa maji huoza kuanzia ndani.

Mafuta mepesi hayafanyi kazi kwa njia hiyo. Hayakauki kabisa, hutambaa yenyewe hadi ndani ya maungio, na pale yanapokuta kutu changa huipenya na kuitenga na maji na hewa. Ziko aina mbili ninazozifahamu: zile zinazotokana na petroliamu, yaani mafuta ghafi ya ardhini, ambazo ni nyepesi na hupenya haraka, na zile za lanolini, yaani mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, ambazo ni nzito kidogo na hushikilia vizuri zaidi pale maji yanaporuka kwa nguvu. Kwa sasa fundi wangu hutumia aina nyepesi ndani ya milango na vizingiti, na ya lanolini kwenye fremu na mapango ya magurudumu, mpango ambao naupendelea kuliko kutumia aina moja kila mahali. Ni vyema kumuuliza fundi kuhusu mipira kabla hajaanza, kwa kuwa mafuta ya petroliamu yanaweza kuivimbisha mipira ya milango na ya sehemu za chini za gari ikiwa yatamwagwa bila kuchagua.

Kazi yenyewe huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Gari huoshwa chini na kuachwa likauke, kisha hunyanyuliwa, diski za breki na ekzosi hufunikwa au kuepukwa, na mpira mwembamba wenye ncha ya kupulizia huingizwa katika matundu ambayo kiwanda kiliyaacha kwenye vizingiti, milango, mlango wa nyuma na boneti. Mahali pasipo na tundu baadhi ya gereji hutoboa jipya na kuliziba kwa kizibo cha plastiki. Mimi niliomba wasitoboe pasipo lazima, wakakubali bila ubishi. Kwa gari la ukubwa wa RAV4 bei nilizokutana nazo zilikuwa kati ya dola 150 na 200 za Kanada, na bei hiyo hulipwa upya kila mwaka kwa sababu maji na kokoto huyaondoa mafuta kidogo kidogo.

Kero zipo. Kwa siku mbili au zaidi gari hudondosha mafuta, kwa hiyo mwenye kuegesha kwenye sakafu ya jirani au ya mwenye nyumba atandike maboksi mapema. Harufu huingia ndani kupitia mfumo wa hewa ya joto, na mke wangu, ambaye hana subira nayo, hukataa kabisa kupanda gari hilo wiki ya kwanza. Fundi yeyote atakayefanya kazi chini ya gari baadaye atachafuka, na wengine hawalifichi hilo. Pamoja na hayo, gari linaponyanyuliwa kila majira ya kuchipua nakuta bolti zinafunguka, mabomba ya breki yana rangi yake ya asili na maungio ya vizingiti hayana malengelenge, ilhali magari ya umri huohuo ninayoyaona kwenye karakana hiyohiyo yana fremu zinazobanduka magamba. Jambo hili lina thamani ya fedha taslimu: ili gari lililotumika lisajiliwe kwa mmiliki mpya na kuruhusiwa barabarani, Ontario hudai cheti cha usalama, na gari lenye fremu iliyooza au sakafu iliyotoboka halipewi cheti hicho.

Kwamba kiwanda kimefanya kazi yake hakumwondolei mtu wajibu huu. Mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani kuimaliza kesi iliyodai kwamba fremu za baadhi ya magari ya Tacoma, Tundra na Sequoia hazikukingwa vya kutosha dhidi ya kutu, kwa makubaliano yaliyokadiriwa kuweza kufikia dola bilioni 3.4. Ninalitaja hilo kwa ajili ya wale wanaoamini kwamba jina zuri la gari ni kinga ya kutosha.

Nikija kwenye sehemu ya juu, nilianza na nta ya karnauba, ambayo hutokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi na mchikichi na hung'arisha rangi kwa namna ya kupendeza sana. Hata hivyo, haikustahimili zaidi ya sehemu ya kwanza ya msimu, kwa sababu vituo vya kuoshea visivyotumia brashi hutegemea sabuni kali zinazoiyeyusha nta pamoja na uchafu. Silanti ya kutengenezwa maabara ilidumu zaidi kwa bei isiyotofautiana sana, na kama nisingekuwa na kauri ningepaka hiyo kila Oktoba bila kufikiri mara mbili. Kauri niliyopakiwa baadaye iligharimu zaidi ya dola 1,000, kwa kuwa fundi alilazimika kwanza kuisugua rangi kwa udongo maalumu na kuing'arisha ili asifungie mikwaruzo ndani yake. Faida yake ni ya kweli: tope la chumvi huteleza kwa maji ya presha peke yake, na kwa kuwa sigusi rangi kwa kitambaa kichafu, mikwaruzo ya mviringo imepungua. Lakini haizuii kokoto, na anayeuziwa kauri kwa ahadi ya kuzuia madoa ya kokoto anadanganywa. Kinachopunguza madoa hayo ni ngozi nene ya plastiki ya poliyurethani inayobandikwa kwenye boneti na bampa, ambayo bei yake kwa mbele nzima huanzia dola elfu mbili. Mimi nimebandika vipande vidogo nyuma ya magurudumu tu, mahali ambapo mchanga hupiga zaidi, na naona vinanitosha.

Kuhusu kuosha, wengi husubiri gari liwe jeupe kwa chumvi ndipo walipeleke. Mimi husubiri siku ambayo joto limekaribia sifuri au kupita kidogo, kwa sababu ndiyo siku ambayo theluji iliyoganda ndani ya mapango ya magurudumu inalegea, na pia ndiyo siku ambayo kutu hupata kasi. Kutu huongezeka joto linapopanda, na gari linaloingizwa kila jioni katika gereji yenye joto likiwa limebeba tope la chumvi linaweza kuoza haraka kuliko langu linalolala nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ninalipia huduma ya kuosha chini hata kama sioshi juu, na kabla ya kulipa nauliza kama suuza ya mwisho ni ya maji safi, kwa kuwa vituo vingi hutumia tena maji ya awali. Baada ya hapo hufungua milango yote, hufuta mipira na vizingiti, na kwenye mipira hupaka silikoni kidogo ili isigandane na bodi usiku.

Zana ya kuondolea theluji nayo huharibu rangi kuliko theluji yenyewe. Brashi yenye nywele ngumu huburuta mchanga juu ya klia. Ubao wa sponji mgumu kiasi ni bora, na hata huo nausukuma nikiacha tabaka jembamba la theluji juu ya rangi liyeyuke lenyewe. Kikwangulio cha barafu ni cha vioo tu. Turubai la kufunikia gari silishauri kwa anayeegesha nje, kwa sababu upepo hulisugua juu ya uchafu, na likilowa usiku hugandana na rangi. Vilevile vipo visanduku vya umeme vinavyouzwa kwa madai ya kuzuia kutu kwa mkondo mdogo. Kinga ya aina hiyo hufanya kazi kwenye meli na mabomba yaliyofukiwa ardhini, kwa kuwa chuma chake kimezungukwa wakati wote na maji au udongo unaokamilisha njia ya umeme, hali ambayo gari lililo hewani halina. Fedha za kisanduku hicho zinalipia mafuta ya miaka kadhaa.

Ndugu na marafiki walioko Dar es Salaam na Nairobi huniuliza mambo haya kwa sababu nyingine: baadhi ya magari wanayoyaagiza kutoka Japani yamewahi kuishi Hokkaido au mikoa mingine yenye theluji, ambako barabara hunyunyiziwa kemikali hizihizi. Jibu langu ni kwamba wasiridhike na picha za ubavuni, bali waombe picha za chini, hasa za fremu na mapango ya magurudumu ya nyuma, na waisome karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari inayotolewa mnadani Japani, ambayo huonyesha kutu kwa herufi S na kuoza kwa herufi C. Kupulizia mafuta juu ya kutu iliyokwisha kutoboa chuma hakurudishi chuma kilichopotea.

Mvua za mwishoni mwa Aprili zikishaondoa chumvi barabarani, hulipeleka gari lioshwe chini kwa mara ya mwisho, huzibua matundu ya kutolea maji kwa kijiti cha plastiki, na hutafuta madoa ya kokoto kwenye boneti. Rangi ya kugusia madoa hayo hununuliwa kwa namba ya rangi iliyoandikwa kwenye kibandiko, ambacho kwa gari langu kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, nayo hupakwa siku ambayo joto limepita nyuzi 10, la sivyo haikauki vizuri. Nafasi za kupuliziwa mafuta za mwezi wa Oktoba hujaa mapema, kwa hiyo miadi yangu huiweka Agosti.