Kabla hujalipia filamu ya Wuthering Heights, uliza kwanza habari za Hareton

Mwezi uliopita tulimaliza kusoma riwaya ya Wuthering Heights ya Emily Brontë, sisi wanawake saba tunaokutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukakubaliana kuihitimisha kwa filamu. Mimi ndiye niliyetumwa kununua. Nikaagiza DVD ya filamu ya mwaka 1970, ile aliyoigiza Timothy Dalton, na nauli ya kuileta ikazidi bei ya diski yenyewe. Siku ikafika, pilau likaiva, tukakaa. Heathcliff, mhusika mkuu, akafa, mziki ukapigwa, majina yakaanza kupanda. Mkubwa wetu akanigeukia: "Mwanangu, na kisa cha Hareton kiko wapi?"

Hakikuwemo. Riwaya ina sura 34. Catherine, mpenzi wa Heathcliff, anafariki sura ya 16, usiku uleule aliomzaa binti anayerithi jina lake. Filamu inayokomea hapo imeacha nje sura 18. Ya 1939 imekomea hapo, ya 1970 vilevile, na ya 2011 iliyoongozwa na Andrea Arnold pia. Kasha nililonunua mimi halikuwa na neno hata moja la kunitahadharisha.

Ndiyo maana katika mwongozo huu siulizi mwigizaji yupi ana sura nzuri, wala nyika za Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, zimepigwa picha vizuri kiasi gani. Hayo kila muuzaji atakusimulia. Nauliza Hareton yumo au hayumo.

Hareton ni mtoto wa Hindley, kaka yake Catherine. Heathcliff aliletwa nyumbani kwao akiwa mtoto, na Hindley alimnyima elimu, akamgeuza mtumishi wa shamba; Heathcliff akaja kumlipa kupitia kwa mwanawe, akamlea hajui kusoma ndani ya nyumba ya baba zake. Juu ya mlango wa nyumba hiyo pamechongwa jina "Hareton Earnshaw" na mwaka 1500. Kijana anapita chini ya jina lake mwenyewe kila siku. Anapojitahidi hatimaye kulisoma, binamu yake Cathy, yule binti wa Catherine, anamuuliza na tarakimu je, naye hazijui, na binti anamcheka. Baadaye anakusanya vitabu ajifunze kwa siri, anachekwa tena, anavitupa motoni kwa uchungu. Kisha Cathy anajuta, anafunga kitabu kwenye karatasi nyeupe na utepe, anampelekea kama zawadi, na kuahidi kumfundisha. Heathcliff anawakuta wawili hao wameinamia kitabu, wanainua macho, na macho ni ya Catherine. Hapo ndipo anapokiri kwamba hamu ya kuwaangamiza imemtoka. Ukiondoa hayo, kisasi hakina mwisho, na kinachobaki ni mapenzi ya watu wawili wenye hasira.

Kwangu ya kwanza ni tamthilia ya BBC ya mwaka 1978, yenye sehemu tano, Ken Hutchison akiwa Heathcliff na Kay Adshead akiwa Catherine. Sifichi: kwenye riwaya za kale mimi ni mtu wa BBC. Tamthilia ya sehemu tano inakupa nafasi ya kuona mtoto akizaliwa, akiharibiwa, kisha akitengenezwa upya. Picha zake zimezeeka na mazungumzo ni marefu, lakini vizazi vyote viwili vimo. Ukiipata, nunua.

Ya pili ni ya ITV, kituo cha televisheni cha Uingereza, ya 1998, Robert Cavanah na Orla Brady. Ni fupi, haifiki saa mbili, ila Hareton yumo, na aliyemwigiza ni Matthew Macfadyen kabla dunia haijamjua. Ya tatu ni ya ITV pia, ya 2009, sehemu mbili, Tom Hardy na Charlotte Riley. Wameanza na kizazi cha pili kisha wakarudi nyuma, jambo lililonifurahisha, ingawa wamemwondoa Lockwood, mpangaji ambaye kitabuni ndiye anayesimuliwa kisa chote.

Ya nne, ya 1992, ina vizazi vyote viwili ndani ya dakika 105, na kasha lake limeandikwa Emily Brontë's Wuthering Heights, usiichanganye na nyingine. Ralph Fiennes ni Heathcliff. Juliette Binoche ameigiza mama na binti, na hapo ndipo ninapogombana nayo. Kitabuni Cathy anafanana na mama yake macho, upana wa paji la uso na mpindo wa tundu la pua tu. Anayefanana zaidi na Catherine ni Hareton, mtoto wa kaka yake, na mfanano huo ndio unaomvunja Heathcliff. Ukimpa binti sura yote ya mama, umemnyang'anya Hareton silaha yake pekee.

Ya 1939, aliyoigiza Laurence Olivier, hupatikana kwa bei ya chini. Imepigwa California na ilipata Oscar ya upigaji picha. Nusu ya kitabu haimo.

Sasa wauzaji. Diski za DVD zimegawanywa kwa maeneo: za Marekani ni namba 1, za Uingereza namba 2, zetu Tanzania na Kenya namba 5. Diski ya kwanza niliyotumiwa ilikuwa namba 1, deki ikaikataa, na muuzaji akasema kosa ni la deki. Ikabidi niagize nyingine na nauli nyingine. Nilipojaribu kukodi mtandaoni niliambiwa filamu haipatikani katika nchi yangu. Kwa hiyo kabla ya kutuma hela, mwandikie muuzaji maswali mawili: eneo ni namba ngapi, na je, kuna kijana anayechoma vitabu vyake motoni? Asipoweza kujibu la pili, mwombe orodha ya waigizaji, utafute jina la Hareton, na uone kama aliyemwigiza ni mtu mzima au ni kichanga tu.

Muuzaji wangu nimemwandikia mara tatu anirudishie hela ya ile diski iliyokataa kucheza. Mara ya mwisho ilikuwa juzi. Hajajibu.