Vipimo vya siku za hatari: kipi ununue ukiwa Arusha

Mtaani tunaziita siku za hatari, hata kwa mtu anayetafuta mtoto kwa udi na uvumba. Ukiingia famasi yoyote Barabara ya Sokoine ukaomba kipimo cha siku hizo utaeleweka, ila soma pakiti kabla hujalipa. Iwe imeandikwa LH, yaani homoni inayochochea yai litoke. Ikiwa imeandikwa hCG, hicho ni cha mimba. Mimi nilipewa hicho, na kwa kuwa vijiti vyenyewe vinafanana kama mapacha, nilichovya siku sita nikaona mstari mmoja tu, nikaanza kulia kuwa sipevushi mayai.

Namba moja kwangu ni vijiti vyembamba vya karatasi, vya kuchovya kwenye kikopo, na ununue vingi kwa mkupuo. Homoni ya LH hupanda ghafla, kisha yai hutoka saa 24 hadi 36 baadaye, kwa hiyo lazima upime kila siku hadi uinase. Chukua urefu wa mzunguko wako, toa 17: mwenye siku 28 anaanza siku ya 11, akihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi. Mzunguko ukiruka kati ya 26 na 33, fuata ule mfupi, uanze siku ya 9. Hapo pakiti ya vijiti vitano itakuacha njiani.

Shida yake ni kusoma. Kwenye kipimo cha mimba mstari hafifu ni ndiyo. Huku hafifu ni hapana, kwa sababu LH kidogo imo mwilini siku zote. Mstari wa T (wa kipimo chenyewe) lazima ukolee kama wa C (wa kulinganishia) au kuuzidi. Soma ndani ya dakika zilizoandikwa, usirudi kukiokota kwenye ndoo ya taka baada ya saa nzima. Mimi napima saa kumi jioni, na tangu saa nane sigusi chai wala maji, maana mkojo mwepesi huficha homoni.

Namba mbili: vya plastiki vya kukojolea moja kwa moja. Kinachopimwa ni kilekile, unalipia plastiki. Vinamfaa anayepima chooni kazini na hataki kutembea na kikopo kwenye pochi.

Namba tatu ni vya digitali, kama Clearblue, vinavyokuonyesha uso unaotabasamu. Ni ghali. Kama kulinganisha mistari kunakukosesha usingizi, nunua vya mzunguko mmoja tu.

Hadubini ya mate, kile kilenzi cha kutazamia mate yaliyokauka, iache dukani.

Sasa wenzangu mlioolewa na madereva wa watalii. Kijiti kikikolea Jumanne na baba yuko Serengeti hadi Jumamosi, kimekusaidia nini? Yai huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu zinaweza kukusubiria hadi siku 5. Basi usingoje kijiti. Ukiona ute unaovutika kama ute wa yai bichi, au hesabu inaonyesha siku zinakaribia, kutaneni kabla hajapanda gari. Ute huo ni bure, na kama ningeruhusiwa kuupanga kwenye orodha ungekuwa juu ya digitali.

Mwenye ovari zenye vifuko vingi (PCOS) asitupe hela hapa kabla ya kuonana na daktari: LH yake inaweza kuwa juu muda mrefu, kijiti kikasema ndiyo wiki nzima. Aliyechomwa sindano ya hCG (ya kuchochea yai litoke) naye kitamdanganya.

Angalia tarehe ya kuisha, na usichukue pakiti iliyoanikwa dirishani juani. Nyingi zinataka joto lisizidi nyuzi 30.

Mkijaribu mwaka mzima bila mafanikio, au miezi 6 kama umefika miaka 35, nendeni hospitali wote wawili. Hela ya pakiti nyingine ilipie kipimo cha mbegu za mume. Wifi zako watasema tatizo ni lako. Kijiti hakijawahi kumpima kaka yao.