Kuka ya bei mbaya jikoni Dodoma: nenda dukani na sufuria yako ya ugali

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo tuko Ilazo, hapahapa Dodoma, kwenye nyumba ambayo jikoni kumevunjwa kote na kujengwa upya. Makabati mapya, marumaru mpya, kaunta ya graniti, na hii hapa nyuma yangu ndiyo iliyotuleta: kuka ya Kiitaliano, upana sentimita 90, bana tano za gesi juu, yaani vichwa vitano vya kutoa moto, na oveni ya umeme chini. Mwenye nyumba ameniruhusu niiwashe, niichafue na niiseme ninavyotaka, kwa hiyo twende.

Kuka za namna hii, mzigo ukishatua na ushuru ukalipwa, ni milioni kadhaa. Ukiingia dukani muuzaji atakuonyesha saa ya kidijitali, taa ya ndani ya oveni, rangi ya krimu inayofanana na friji. Mwache amalize, halafu mwambie akufungulie bana. Kwa sababu hela yako, kwa mapishi yetu, inalipia vitu viwili tu: moto, na chuma kinachobeba sufuria. Kama hivyo viwili ni vya kawaida, umenunua urembo.

Tuanze na chuma. Sogeza kamera hapa. Hiki ni chuma kizito cha kumimina, si vile vinyaya vyembamba vilivyopakwa rangi. Nakinyanyua kwa mikono miwili, mnaona? Chini kina vipira vya kukizuia kisiteleze, na meno yake yamekaribiana, kiasi kwamba hata kisufuria cha chai cha kikombe kimoja hakipinduki. Sasa nisijisifie, tumwite mwenye kazi. Mama wa mwenye nyumba ametoka Kongwa, na amekuja na unga wake wa uwele.

Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu." Tusongee kidogo watu waone.

Angalieni vizuri. Ugali wa uwele ukishakaza, mwiko hauzunguki tena, unasukumwa. Mama ameweka mguu wa kushoto mbele, ameshika ukingo wa sufuria kwa kitambaa, na anausukuma unga ukutani mwa sufuria kwa uzito wa bega zima. Hapa ndipo majiko mengi ya mezani yanaanza kutembea, unamwona mtu anasonga huku ameegemeza jiko ukutani. Hili limetulia. Mama, unalionaje? "Halichezi. Ila liko juu."

Umesikia hilo? Dukani hakuna atakayekwambia. Kuka hizi zimetengenezwa zilingane na kaunta za Ulaya, yaani sentimita 90 hivi kutoka sakafuni. Weka juu yake sufuria yenye kina cha sentimita 20, mdomo wa sufuria unafika mita moja na kumi. Kwa mtu wa kukoroga sosi hakuna shida. Kwa mama mwenye urefu wa mita moja na nusu anayesonga ugali wa watu kumi, mwiko unafika kifuani na bega ndilo linaloumia. Dawa yake ipo, ila ni ya kabla ya fundi kumwaga zege la kaunta: kuka nyingi za kusimama zina miguu ya kuzungusha, zishushe hadi mwisho, na kaunta ya pembeni mwambie fundi aijenge kwa kimo hicho hicho. Pima kiwiko cha anayepika. Simaanishi kiwiko cha anayelipa.

Haya, moto. Hii bana ya kushoto ina duara tatu, moja ndani ya nyingine. Kwenye kuka za daraja hili bana ya namna hii huwa kati ya kilowati tatu na nusu na tano. Bana kubwa ya jiko la kawaida ni kama kilowati tatu. Tofauti utaiona ukibandika pilau ya shughuli au supu ya kongoro. Mimi napendelea bana kubwa ikae pembeni kama hapa. Kuna modeli nzuri tu zinazoiweka katikati, lakini ukiweka sufuria kubwa katikati imekula nafasi ya bana zote nne, na kuka yako ya bana tano imekuwa ya bana moja.

Ila moto mkubwa ni rahisi, kila mtu anaweza kuutengeneza. Nionyeshe moto mdogo. Hii bana ndogo ni kilowati moja, naipunguza hadi mwisho, naufunga mlango kwa nguvu... haikuzima. Safi. Hapo wali unakauka taratibu bila ukoko, na nazi haikatiki. Na siku ya wali wa wageni, ukishakaribia kukauka unaufunika na kuuingiza oveni kwenye nyuzi 150, unapata kile tulichokuwa tunakitafuta kwa kupalia makaa juu ya mfuniko.

Mnaona haka kajiti kadogo kando ya bana? Kanapashwa na moto na ndiko kanakoacha gesi ipite. Moto ukizimwa na upepo, kanapoa, gesi inajifunga yenyewe. Kwa upepo wetu wa kiangazi huku Dodoma, na dirisha la jikoni likiwa wazi, usikubali kuka isiyo na kitu hiki kwenye bana zote. Ndiyo sababu ukiwasha unabonyeza swichi na kuishikilia sekunde chache. Si ubovu, kajiti kanasubiri kupata moto.

Sasa jambo linalonikera. Kuka zinazotoka nje nyingi zinakuja zimefungwa nozeli, vile vichuma vyenye tundu la kupitishia gesi kwenye bana, za gesi asilia, ile ya kwenye mabomba. Sisi Dodoma tunatumia gesi ya mtungi, na gesi ya mtungi inahitaji nozeli yenye tundu dogo zaidi. Ukiiunganisha bila kubadilisha, moto unatoka mrefu, wa njano, na masufuria yanakuwa meusi kama ya mkaa. Nimeikuta kwa dada mmoja hapa mjini: duka lilimuuzia, fundi wao akaunganisha, akaambiwa moto utakaa sawa ukizoea. Hautazoea. Fungua boksi dukani utafute kifuko cha nozeli za akiba, huwa kinakuja na kuka. Kama hakipo, usilipe mpaka kipatikane. Zikishabadilishwa moto uwe wa bluu, mfupi, umetulia, hivi hivi mnavyouona hapa.

Na mtungi. Kuka hii ukiwasha bana zote inakula gesi karibu kilo moja kwa saa. Mtungi wa kilo 6 hauwezi kuilisha vizuri: gesi ikitoka kwa kasi hiyo mtungi unakuwa baridi, unatoa jasho, na moto unashuka katikati ya mapishi. Weka wa kilo 15 angalau, na kama unajenga upya weka wa kilo 38 nje ya nyumba, kwenye kibanda cha wavu kivulini, bomba liingie ndani. Nje, nasisitiza. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya sakafuni, kwa hiyo lile dirisha la juu halikusaidii. Acha tundu la hewa chini ya ukuta. Kuvuja kunapimwa kwa povu la sabuni kwenye viungo vyote. Mwenye kiberiti akae mbali.

Oveni. Upana wa sentimita 90 unakupa oveni ya lita mia na zaidi, paja la mbuzi linalala lote. Lakini tuambizane ukweli, oveni pana inachelewa kupata moto na inakula umeme hata ukioka keki moja. Elfu kumi ya LUKU ni uniti 28 hivi; oveni ya kilowati tatu, kwa saa nzima ikiwaka na kujizima yenyewe, tenga uniti moja na nusu hadi mbili. Kama huoki kila wiki, chukua bana za kupachika kwenye kaunta na oveni ndogo ya sentimita 60 ukutani. Utaokoa hela, na ikiharibika moja huing'oi nyingine.

Kwa fundi umeme: oveni ya kilowati tatu ndiyo mwisho wa soketi ya kawaida ya ampea 13. Kuka yenye oveni mbili inataka laini yake peke yake kutoka kwenye breka, waya mnene. Weka na kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka, kwa sababu kinachokufa kwanza kwenye hizi kuka ni ule ubao wa saa ya kidijitali, na saa ikifa, kwa modeli nyingine oveni inagoma kabisa. Ndiyo maana nikipewa nichague, nachagua ile ya swichi za kuzungusha tu.

Kuna ndugu zetu wanaoleta kuka za Marekani kwenye kontena. Ni mashine nzuri mno, lakini zile za gesi za soko la kwao zinataka volti 120, sisi ni 230. Kama hujathibitisha volti kwenye kibao cha nyuma ya kuka, iache hukohuko.

Majina mnayoniulizaga: SMEG na Bertazzoni ni za mji mmoja wa Italia, Guastalla. Bertazzoni ipo tangu 1882, SMEG tangu 1948, na zote zimetoka kwenye familia moja. Moto wa zote mbili ni mzuri. La Cornue ya Ufaransa, tangu 1908, hiyo tuwaachie wenye nazo. Na AGA, aliyoibuni Msweden Gustaf Dalén mwaka 1922: ile ya asili inakaa ya moto mchana na usiku, haizimwi. Mtu wa Dodoma mwezi wa Novemba aweke kitu hicho ndani kwa lipi?

Indaksheni, zile za kioo zinazopasha sufuria kwa sumaku: ni za haraka, hazina moshi, na vumbi letu unalifuta kwa kitambaa mara moja. Lakini sufuria zetu za aluminiamu hazikubali hata moja. Chukua sumaku ya friji, igusishe kwenye masufuria yako yote. Isiposhika, piga hesabu ya kununua masufuria mapya juu ya bei ya jiko. Chapati zinawezekana ukiwa na kikaango cha chuma. Ugali juu ya kioo, kwa nguvu alizotumia mama leo, mimi siwezi kukushauri.

Usafi haraka haraka. Vumbi jekundu linaziba matundu ya bana, yasugue kwa mswaki mkavu kila wiki. Maji yetu ya chumvi yanaacha madoa meupe kwenye chuma kinachong'aa. Futa kwa ndimu au siki, kisha kausha palepale. Steelwool ifiche.

Hukumu yangu kwa hii ya leo: moto nane na nusu kwa kumi, chuma tisa, kimo sita, oveni saba. Ningeinunua? Kwa nyumba yenye watu wengi inayopika kila siku ndani, ndiyo. Kwa nyumba ambayo kuka inakaa ndani kwa ajili ya wageni na chakula chote kinapikwa jiko la uani kwa mkaa, hapana, hela hizo jengeni jiko la uani lenye paa la maana na gesi.

Ugali umeiva, mlenda upo, na mama ananiita. Fundi wa bomba la kutolea moshi anakuja kesho, hiyo nayo nitairekodi.