Thunder: radi inayotaka mvua kwanza

Wachezaji wa Pokémon wa Dar wakikutana barazani na Switch zao, iwe Sinza au Temeke, ubishi huu haukosekani: kati ya mapigo mawili ya umeme, Thunder au Thunderbolt? Kwenye michezo ya Scarlet na Violet, kila pigo hufundishwa kwa TM, yaani mashine ya kufundishia: Thunder ni TM166 na Thunderbolt ni TM126. TM ya huko ukishaitumia imekwisha, ukitaka nyingine unaitengeneza kwenye mashine ya Pokémon Center kwa LP (pointi za mchezo) na vitu vinavyodondoshwa na Pokémon wa porini. Kwa hiyo chagua vizuri kabla hujaichoma.

Wengi huangalia nguvu peke yake. Wanaona 110 ya Thunder mbele ya 90 ya Thunderbolt, wanamaliza mjadala. Shabaha, yaani asilimia ya pigo kupata, wameisahau. Thunder ina shabaha 70, Thunderbolt 100. Zidisha 110 kwa 0.7 unapata 77, maana yake kwa wastani kila pigo la Thunder lina thamani ya 77 huku Thunderbolt ikibaki na 90 yake kamili. Mbaya zaidi, mapambano mengi huamuliwa na mapigo mawili ya mfululizo, na uwezekano wa Thunder kupata yote mawili ni asilimia 49. Hapo huna hata nusu kwa nusu. Ukimshikisha Pokémon wako kifaa cha Wide Lens, shabaha inapanda hadi 77 na thamani inafika 84.7, bado hujaifikia Thunderbolt, na nafasi ya kubeba kitu kingine umeshaipoteza. Anayeiponya kweli ni Galvantula mwenye uwezo wa asili wa Compound Eyes: shabaha inakuwa 91 na thamani inapita 100 kidogo.

Jambo moja Thunder inashinda hata kukiwa kukavu, nalo ni kupoozesha. Ikipata, ina asilimia 30 ya kumpoozesha mpinzani, Thunderbolt ina 10. Ukihesabu na zile zinazopiga hewa, Thunder inabaki na 21. Aliyepooza hupungukiwa nusu ya kasi, na kila zamu kuna asilimia 25 kwamba hatafanya kitu. Ni faida nzuri, ila usiijengee mpango, na kwa mpinzani wa aina ya umeme haifanyi kazi kabisa.

Sasa lete mvua. Mvua ikinyesha, Thunder haikosi. Mchezo hauangalii shabaha tena, kwa hiyo hata anayejiongezea ukwepaji kwa Double Team anapatikana, na aliyepaa kwa Fly anafuatwa hukohuko juu. Hapo 110 ni 110 kweli, PP 10 (idadi ya mara unazoweza kuitumia) zote zina kazi, na ile asilimia 30 ya kupoozesha ni yako bila makato.

Njia rahisi ya kuileta mvua ni Pelipper mwenye uwezo wa Drizzle, kwa sababu inaanza palepale anapoingia, bila kupoteza zamu kwa Rain Dance, pigo la kuita mvua. Inadumu zamu 5, na hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Mwanzishe Pelipper, zamu ya kwanza apige U-turn, pigo la kupiga kisha kumpisha mwenzako, Zapdos aingie. Umebaki na zamu 4 za Thunder isiyokosa. Ukimwingiza Pelipper katikati ya pambano, kuingia kwake kunakula zamu moja, U-turn inakula ya pili, Zapdos anabakiwa na 3. Mpe Pelipper kifaa cha Damp Rock, mvua inafika zamu 8, na hizo 4 zinakuwa 7. Kwa maoni yangu, bila Damp Rock timu hii haijakamilika kwenye pambano la mmoja kwa mmoja. Kwenye la wawili kwa wawili unaweza kuiacha, maana Pelipper na Zapdos wanasimama pamoja tangu mwanzo na zamu zote 5 ni zenu.

Zapdos namtaja kwa makusudi. Umeme ni aina yake, kwa hiyo Thunder inaongezewa nusu na kuwa 165, na mvua hiyohiyo inaifanya Hurricane yake, pigo la upepo, nayo isikose. Iron Hands ni habari nyingine: Attack yake ni 140, Special Attack ni 50, na Thunder inahesabiwa kwa Special Attack. Huyo mwachie Wild Charge, pigo la umeme linalohesabiwa kwa Attack.

Mpango huharibika kwa njia mbili tatu. Pokémon wa ardhi haguswi na umeme kabisa, na kwenye wawili kwa wawili, mwenye uwezo wa Lightning Rod huivuta radi yako kwake na kujiongezea Special Attack. La tatu ndilo linalowashangaza wengi: vita ya hali ya hewa. Wawili wenye uwezo wa kubadili hali ya hewa wakiingia kwa pamoja, mwenye kasi huanza, na anayefuata huifuta ya mwenzake. Kasi ya msingi ya Pelipper ni 65. Torkoal ana 20, kwa hiyo jua lake ndilo linalobaki, na juani shabaha ya Thunder inashuka hadi 50. Tyranitar ana 61, naye hukuwekea mchanga ukiwa hujajiandaa. Ukiwaona hao upande wa pili, mfiche Pelipper nyuma, mwingize wao wakishatokea.

Wenye Game Boy za mtumba wasome hesabu tofauti. Kwenye matoleo ya kwanza ya 1996, Thunder ilikuwa na nguvu 120, ikipoozesha kwa asilimia 10 tu, na hali ya hewa haikuwepo, kwa hiyo chukueni Thunderbolt bila kufikiri. Mvua ilikuja na Gold na Silver, ambako TM25, yaani Thunder, inauzwa Goldenrod Game Corner, ukumbi wa michezo ya bahati ndani ya mchezo, kwa sarafu 5,500. Nguvu ilishushwa hadi 110 kwenye X na Y, mwaka 2013.

Na mvua haina mwenyewe. Mpinzani akiwa na Thunder, yake nayo haikosi, na Pelipper wako, akiwa wa maji na anga, anaumizwa na umeme mara nne. Akishaleta mvua, mtoe haraka.